Herufi Mbili na Ndege

Mzee Muhanna alikutwa majlisini, sebule ya wageni, kwake Bawshar, Maskat, Ijumaa saa nane mchana, amelala chali juu ya zulia, amekufa, na chini ya kichwa chake pana mto.

Huo mto ndio uliomsumbua Inspekta Safwan tangu alipovua viatu mlangoni.

"Mtu akianguka peke yake hajiwekei mto," alisema.

"Na mwizi hamwekei mtu mto," akajibu Sajini Fajr, mtaalamu wa ushahidi, ambaye alikuwa keshavaa glavu na anapiga picha.

"Basi kaingia nani humu?"

Fajr aliinua mabega, akaendelea na picha zake.

Marehemu alikuwa na miaka sabini na tisa. Jeraha lilikuwa moja tu, kisogoni. Damu ilikuwa kwenye kona ya kasha la njumu lililokaa ukutani, pale penye misumari ya shaba. Kasha lenyewe lilikuwa wazi. Chini ya kucha mbili za mkono wa kulia wa marehemu, Fajr alichomoa nyuzi za rangi ya mchanga kwa kibano, akazitia kwenye mfuko wa ushahidi.

Zilikotoka nyuzi hizo si mbali. Juu ya kiti palikuwa na koti kuukuu la khaki, limekunjwa vizuri, ila bega lake la kushoto limefumuka. Kando yake, juu ya meza ya kahawa, ilisimama kofia ndefu ya khaki yenye kitambaa cha kufunika shingo. Mbele ya kofia palikuwa na beji ya ndege. Tai, mabawa kayakunjua, anang'aa kama kijiko kipya.

Kofia ya marehemu mwenyewe, nyeupe, ya viua, vitundu vya urembo vilivyoshonwa kwa mkono, ilikuwa imeviringika mpaka chini ya dirisha. Safwan aliiinua kwa ncha ya kalamu, akaitazama sana, akampa Fajr.

"Nayo pia?"

"Nayo pia."

Mpwa wa marehemu, Badr, alikuwa kasimama ukumbini na macho mekundu. Yeye ni mhandisi, nyumba yake na mama yake iko mtaa wa pili. Safwan alimpa mkono wa pole kwanza, kisha akauliza.

"Hizi nguo za nani?"

"Za babu yao mjomba na mama. Alikuwa mwanajeshi wa Mdachi, Mjerumani yule, huko Pangani, kabla ya vita ile ya kwanza. Mjomba alikuwa azipeleke kwenye maonyesho wiki ijayo, ya familia zilizorudi kutoka Afrika."

"Kuna kilichopotea?"

"Sijui, bwana. Muulize Mbodze. Saa ya sala ya Ijumaa sote tulikuwa msikitini. Mjomba kabakia kwa sababu ya goti. Humu ndani alikuwamo yeye na mtumishi tu."

Mbodze alikuwa jikoni, kaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kaifumbata mapajani. Mwanamke wa Kigiriama, wa Kaloleni, umri wake kama miaka arobaini. Ndiye aliyemkuta marehemu alipompelekea chakula, na ndiye aliyepiga simu.

"Umefanya kazi hapa muda gani?"

"Miaka sita, bosi. Baba hakuwa na ubaya na mtu."

"Mto ulimwekea wewe?"

"Hapana. Mimi sikumguza. Nilimkuta hivyo."

"Wakati wa sala ulikuwa wapi?"

"Juu paani. Nilikuwa naanika nguo."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu adhana hadi watu walipotoka msikitini."

"Nimepita huko juu. Kwenye kamba kuna shuka mbili na kanzu moja. Saa nzima?"

Mbodze alitazama sakafu.

"Saa nzima, Mbodze?"

Hakujibu. Na asiyejibu mbele ya polisi hujifungia mlango mwenyewe. Alasiri ile alipandishwa gari akapelekwa kituoni kuhojiwa. Badr alisimama getini akitazama gari likiondoka.

"Si nilikwambia," alisema.

Bi Mahfoudha, mama yake Badr, dada wa pekee wa marehemu, alikuja kwa miguu, kajifunika buibui. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mgongo umenyooka. Alikuwa na miaka sabini na mbili, na vidole vyembamba ambavyo havikutulia, kana kwamba vinatafuta kazi.

"Pole sana, Bi Mahfoudha."

"Tushapoa, mwanangu. Ndiyo amri yake Mola."

"Nna maswali mawili tu. Kasha hili lina funguo ngapi?"

"Mbili. Moja yake, moja yangu. Yangu siioni siku nyingi."

"Na koti la babu yenu uliliona lini mara ya mwisho?"

"Tangu Ramadhani. Tulilitoa likapigwa jua, tukalirudisha."

"Wakati wa sala leo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu. Nikisali. Mtu wa umri wangu atakuwa wapi?"

Safwan aliandika, akamshukuru. Alipokuwa akitoka, Bi Mahfoudha alimwita.

"Inspekta. Yule Mbodze mtamfanya nini?"

"Ataulizwa."

"Akiwa hana la kusema?"

"Ataulizwa tena."

Bi Mahfoudha alishusha buibui lake mpaka kwenye nyusi.

*

Jumamosi asubuhi yalikuja majibu mawili.

La kwanza la daktari wa uchunguzi wa maiti. Mzee Muhanna aliangukia kona ya kasha karibu na saa sita na nusu. Hakufa palepale. Alikuwa hai kama saa nzima, hana fahamu, huku damu ikivia ndani ya kichwa. Kwenye kiganja chake palikuwa na michubuko ya mtu aliyekuwa akivutana na kitu kigumu.

La pili la simu ya Mbodze. Saa ya sala alikuwa akizungumza na binti yake, dakika hamsini na mbili, kajificha nyuma ya tangi la maji kwa sababu Badr kamkataza simu saa za kazi. Binti ana mtihani wa kidato cha nne, alikuwa akilia kwa hofu. Mbodze aliona bora anyamaze kuliko kufukuzwa.

Safwan alimpelekea habari mwendesha mashtaka. Yule bwana alisoma, akavua miwani.

"Simu waweza kuzungumza ukiwa popote, hata majlisini. Niletee jina jingine. Jumapili adhuhuri jalada linakuja kwangu, na jina lililomo ni hili hili."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani. Mama wa mtu, Kaloleni inamsubiri, na saa zake zinahesabika.

Fajr aliweka simu ya marehemu mbele ya Safwan.

"Tazama. Wiki mbili nyuma aliwapigia picha watu wa maonyesho. Koti lile lile, kofia ile ile."

Safwan alizitazama picha, kisha akatazama vitu vyenyewe vilivyokuwa juu ya meza ya maabara. Akarudi kwenye picha.

"Kofia kwenye picha haina ndege."

"Haina. Mbele patupu."

"Na huu mkono wa kushoto?"

Kwenye picha, juu ya mkono wa kushoto wa koti, karibu na bega, palikuwa na herufi mbili zilizoshonwa kwa uzi mwekundu uliopauka. P, kisha O. Kwenye koti lililokuwa mezani, mkono ulikuwa safi.

Fajr alizima taa, akawasha taa ya zambarau. Palepale penye usafi zikajitokeza herufi mbili za kivuli, kwa sababu kitambaa kilichokuwa chini ya uzi hakikupauka kwa jua kama kingine.

"Kaja mwizi," Safwan alisema polepole, "kaiba herufi mbili, kaacha ndege."

*

Mwenye kujua mambo ya alama hizo alikuwa Ghadeer, mwanamke mwenye miwani ya duara, aliyekuwa akiandaa maonyesho. Alimkaribisha Safwan kati ya masanduku yaliyokuwa hayajafunguliwa, akampa kahawa na tende kabla ya neno lolote.

"Askari wa Mdachi walikuwa namna mbili," alisema. "Wa jeshi na wa bolisi. Nguo karibu sawasawa, rangi moja, kofia moja. Ukitaka kumjua bolisi unatazama mkono wa kushoto, juu. Kama pana P na O nyekundu, huyo ni bolisi."

"Po?"

"Mwanzo wa neno polisi. Wao na sisi tunasema neno moja."

"Familia inasema alikuwa mwanajeshi."

"Familia zote husema hivyo. Mwanajeshi kapigana vita na askari wenzake. Bolisi alikaa bomani, alikuwa akikusanya watu kwa kazi, alikuwa akichapa. Hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, aliyeshika kiboko mara nyingi alikuwa bolisi. Nani anataka babu wa namna hiyo?"

"Mzee Muhanna ulimwambia?"

"Nilimwambia. Alimaliza kahawa yake pale ulipokaa wewe. Kisha akasema, 'Andika hivyo hivyo, binti yangu. Bolisi wa boma la Pangani. Nimechoka kusema nisilolijua.'"

Safwan alitoa picha ya beji.

"Na huyu ndege?"

Ghadeer aliitazama, akaisogeza kwenye mwanga, akatazama tena. Halafu akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Huyu kapotea njia. Unaona haya majani yanayomzunguka tai mzima, kama shada? Majani ya mwaloni. Hapa chini ya makucha pamekwanguliwa, palikuwa na msalaba wao ule uliopinda. Huyu ni wa Ujerumani kwenyewe, wakati wa Manazi. Wadachi walikuwa washaondoka Afrika miaka kumi na nane."

"Wa jeshi lao?"

"La. Tai aliyefungiwa ndani ya shada la mwaloni hivi ni wa bolisi. Alikuwa akikaa kwenye kofia zao na mikononi."

Safwan aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo aliyefanya hivi kamtoa bolisi mkononi..."

"...kamrudisha kichwani," Ghadeer alimalizia. "Bila kujua, maskini."

*

Mzee Muhanna alizikwa Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Safwan alisimama nyuma ya watu. Baada ya hapo aliendesha gari mpaka Ghubra, kwa mama yake.

Bi Khole alikuwa kibarazani, anashona kofia. Macho yamepungua lakini mkono bado. Nyumba ile watu hawasalimiani wakaisha bila kitendawili, ndivyo alivyowalea wanawe.

"Leo nakutegea mimi," Safwan alisema akiketi miguuni pake. "Kitendawili."

"Tega, tuone."

"Mwizi kaingia nyumbani. Kaiba herufi mbili, kaacha ndege, kaweka na mto."

Bi Khole alisimamisha sindano.

"Huyo mwizi ana huruma."

"Ana huruma na mtu kafa."

"Hebu nione hizo herufi zilikokuwa."

Safwan alimfungulia picha ya Fajr, iliyokuzwa mpaka nyuzi zinaonekana kama kamba za nanga. Bi Khole aliishika mbali, kisha karibu.

"Hapa pamefumuliwa na pakatiwa dawa. Kila tundu la sindano limezibwa peke yake, kwa uzi mmoja uliochomolewa ndani ya pindo. Kazi ya subira hii. Mwanamme haiwezi."

"Mama."

"Nasema kweli. Na cherehani haifanyi. Kuza hapa. Unaona fundo? Limerudi nyuma mara tatu, kwa upande wa kushoto. Huyu ni mshona viua. Viua bila fundo kama hilo vinafunguka kofia ikifuliwa, lakini sisi wengine tunarudi mara mbili, kulia."

Safwan alimfungulia picha ya pili, kofia ya marehemu.

"Na hii?"

Bi Khole hakukawia. "Mkono ule ule."

"Una hakika?"

"Mwandiko wa baba yako nikiuona nnaujua, na hayuko miaka tisa. Hii nayo mwandiko."

Upepo wa baharini uliingia kibarazani. Bi Khole akatabasamu kidogo.

"Kitendawili chako bado hujakitegua. Umeshindwa. Nipe mji."

"Nikupe upi?"

"Huo alikokuwa huyo bolisi."

"Pangani."

Tabasamu likamtoka. Aliweka kofia mapajani.

"Pangani," alirudia. "Mahfoudha, dada yake huyo mliyemzika leo, kaolewa na watu wa Pangani. Mavyaa wake, mama wa mumewe, alikuwa na hadithi moja, akiisema kila arusi na kila matanga. Babu wa mume alisingiziwa kuiba tandiko la punda la boma. Akachapwa. Siku ya tatu akafa. Aliyemchapa bolisi mrefu, kidole kimoja cha mkono wa kulia kimekatika. Jina wakawa hawalijui. Wakijua kidole tu."

Safwan aliinuka. Alibusu mkono wa mama yake, akatoka na funguo za gari tayari mkononi.

*

Jumapili asubuhi Fajr alifika nyumbani kwa Bi Mahfoudha na hati ya upekuzi. Hakukawia. Kwenye kopo la biskuti la vyombo vya kushonea, chini ya vitambaa vyeupe, palikuwa na ufunguo wa kasha, na kijiti cha kiberiti kilichozungushiwa uzi mwekundu uliopauka.

Saa tatu Bi Mahfoudha alikuwa chumba cha mahojiano. Badr aliomba awepo. "Mama haachwi peke yake," alisema, na Safwan akamruhusu akae nyuma, pamoja na Fajr.

"Bi Mahfoudha, ulisema koti hujaliona tangu Ramadhani."

"Ndivyo."

"Kofia aliyokuwa kaivaa marehemu kashona nani?"

"Mimi. Zote mimi, tangu mkewe alipofariki."

Safwan aliziweka picha mbili ubavuni kwa ubavu. Fundo la kofia na fundo la koti. Bi Mahfoudha alizitazama muda mrefu, kama fundi anayeangalia kazi iliyorudishwa.

"Mmekuza sana," alisema. "Hata makosa yanaonekana."

"Na uzi huu mwekundu?"

"Uzi tu."

"Rangi yake ya zamani sana. Nyuzi za namna hii zimebakia mbili tatu ndani ya kitambaa cha koti. Ni uzi mmoja."

"Mama, usijibu," Badr alisema. "Inspekta, unamsumbua mtu mzima ana msiba. Mwenye kosa mnaye ndani. Kwa nini Mbodze alidanganya?"

Safwan hakumgeukia.

"Mbodze alidanganya kwa sababu alikuwa akimtuliza mwanawe kwa simu, na mwanao kamkataza simu. Leo siku ya tatu yuko hapa. Adhuhuri hii jina lake linakwenda mbele. Bi Mahfoudha, nikuulize kitu. Pale bomani Pangani, bolisi alikuwa akimchapa nani?"

"Aliyeletwa."

"Awe kaiba, hajaiba?"

Vidole vya Bi Mahfoudha vilikuwa vikikunja ncha ya buibui.

"Yule wa tandiko la punda alikuwa kaiba?"

Vidole vya Bi Mahfoudha vilisimama. Tangu Ijumaa ilikuwa mara ya kwanza kusimama.

"Nani kakwambia habari ya tandiko?"

"Hakuiba. Akachapwa, kwa kuwa kuna mtu alijua ukweli akanyamaza. Na Mbodze je? Nani anajua ukweli akanyamaza?"

Badr alikuwa kainuka kwenye kiti. "Tandiko lipi? La babu yangu? Linahusu nini hapa?"

Bi Mahfoudha alivua buibui kichwani, akabaki na ushungi mweupe. Alizungumza bila kupandisha sauti.

"Mtoeni Mbodze. Nitasema."

Fajr aliwasha kinasa sauti.

"Nimeolewa nna miaka ishirini. Wiki ya kwanza mavyaa kanisimulia, bolisi mrefu, kidole kimekatika. Mimi babu yangu Sabah nimemjua, nimekaa mapajani pake. Kidole chake hiki kilikuwa nusu. Akituambia kimeliwa na mamba wa mto Pangani, tukicheka. Ile siku kwa mavyaa nilikuwa nimeshika sinia ya kahawa. Sikuiangusha. Nikasema, babu yangu mimi alikuwa mwanajeshi, wa vitani. Tangu siku hiyo nasema hivyo. Miaka hamsini na mbili. Nimewaambia wanangu, nimewaambia wajukuu. Baba yake Badr kafa anaamini."

"Na marehemu?"

"Muhanna hakujua habari ya tandiko. Alijua koti tu. Alipoambiwa herufi zina maana gani, akaja kwangu kafurahi, kama mtu aliyetua mzigo. Anataka iandikwe ukutani, watu wote wa Pangani walioko Maskat waje wasome. Na kando yake picha ya babu, mkono wenye kile kidole uko wazi. Nikaenda mara tatu yuko hospitali ya goti, nikafungua kasha, nikafumua. P kwanza, kisha O. Nikaziba matundu. Ndege nilimnunua sokoni Mutrah, kwa muuza vitu vya kale. Nilimwambia nataka alama ya askari wa Kidachi."

"Ijumaa?"

"Ijumaa nilikwenda kumtia ndege. Nilidhani Muhanna kalala. Akatoka chumbani na gongo lake. Akaona mkono wa koti. Hakunigombeza. Alisema, 'Mahfoudha, herufi za babu ziko wapi?' Ndipo nikamwambia yote, kidole, tandiko, mavyaa. Nilidhani atanyamaza kama mimi. Akasema, 'Basi ndiyo zaidi waambiwe. Wanao wana haki na huyo aliyechapwa, ni babu yao.' Akalishika koti. Nami nikalishika. Tukavutana kama tulivyokuwa tukivutana shuka tukiwa watoto. Bega likafumuka. Akaenda kinyumenyume."

"Akaangukia kasha."

"Nikasikia mlio. Nikamwita. Hakuitika lakini alikuwa akipumua."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwekea mto. Nikakunja koti. Nikakaa chini karibu naye. Nikaona akifungua macho ataniuliza tena herufi ziko wapi. Nikaondoka."

"Ukamwita nani?"

"Sikumwita mtu."

Safwan alijua kwamba neno linalofuata halina lazima kisheria. Lakini alilisema kabla hajaulizwa, kwa kuwa mtu ana haki ya kujua alichokifanya.

"Daktari anasema alikuwa hai saa nzima, Bi Mahfoudha."

Badr aligeukia ukuta.

Bi Mahfoudha alitikisa kichwa taratibu, mara moja.

"Saa nzima," alisema.

Karatasi ya maelezo iliandikwa, ikasomwa kwa sauti. Alitia saini herufi moja moja, kwa mkono wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Kisha akainua macho.

"Nna swali. Yule ndege. Muuzaji alisema kweli? Alikuwa wa jeshi?"

Fajr alimtazama Safwan. Safwan alikuwa na nafasi ya kusema sijui.

"Hapana. Wa bolisi. Majani yale yanayomzunguka ndiyo alama yao."

Bi Mahfoudha aliifungua mikono yake juu ya meza, akaviangalia vidole kimoja kimoja, vyote kumi vizima.

"Kumbe," alisema.

Ukumbini Mbodze alikuwa akirudishiwa simu na viatu vyake. Walipompitisha Bi Mahfoudha, yule bibi alisimama mbele yake, asiondoke, mpaka askari naye akasimama.

"Nimekuacha humu siku tatu, Mbodze. Nnajua hakuna neno la kulifuta."

Mbodze alimtazama. Alikuwa na mengi ya kusema, ilionekana usoni. Alisema moja tu.

"Baba alikuwa akinipa simu yake mwenyewe nizungumze na mtoto. Kila Jumanne. Yeye alikuwa hanikatazi."

Badr alisikia. Aliinama akamwokotea Mbodze mkoba wake uliokuwa sakafuni, akaushika kwa mikono miwili kama kitu cha kuvunjika. "Nisamehe, dada," alisema. Miaka sita alikuwa hajamwita hivyo. Mbodze aliuchukua mkoba wake, akatoka juani na simu sikioni.

Badr alimfuata Safwan mpaka mlango wa ofisi.

"Maonyesho yanafunguliwa Alhamisi. Nimempigia yule bibi Ghadeer. Nimemwambia aandike kama mjomba alivyotaka. Na la babu yangu wa tandiko aliandike kando yake." Akameza mate. "Zile herufi zinaweza kurudishwa?"

"Matundu yamezibwa. Yalipokuwa anajua mtu mmoja tu."

Safwan alirudi chumba cha mahojiano. Bi Mahfoudha alikuwa bado kaketi, anangojea gari. Alimweleza ombi la mwanawe. Yeye akanyoosha mkono, kiganja juu, kama anayeomba chombo cha kazi.

"Sindano haziruhusiwi hapa, mama," Fajr alisema kwa upole.

"Haya." Mkono ulirudi mapajani. "Basi mpelekeeni huyo Ghadeer uzi. Mwambieni aanze na P, kutoka chini. Mguu wake una matundu saba. Tumbo lake kumi na moja. Ile O ina ishirini na mbili, na aliyeishona kwanza alikosea, la mwisho lilitoka nje ya mstari. Mwambieni aliache vivyo hivyo nje."